Mishono Minne ya Gauni la Mama

Wifi yangu hapimi mtu kwa macho. Mafundi wengine ukiingia tu dukani wanakutupia jicho mara moja, wanatikisa kichwa, wanakwambia njoo Ijumaa. Yeye hapana. Hata kama alikushonea wiki iliyopita, hata kama umesimama pale mlangoni kumjulia hali tu, atachomoa futi yake ya kitambaa shingoni na kukwambia simama wima, nyoosha mikono, usivute tumbo. Kipimo cha jana, anasema, ni cha mtu wa jana.

Akishakupima anaandika kwenye daftari kubwa la jalada la bluu: tarehe, kifua, kiuno, nyonga, mkono. Halafu anakusogezea pedi ya wino utie dole gumba pembeni. Hilo la dole gumba lilianza mwaka ule mteja mmoja alipolikataa gauni la harusi ya mdogo wake, akidai fundi kakosea vipimo, kumbe mwenyewe ndiye aliyenenepa. Wifi akaapa hatadhulumiwa tena na kiuno cha mtu.

Mimi ni mke wa kaka yake, na tumetaniana miaka ishirini na mbili. Nina kiduka cha fotokopi mlango wa tatu kutoka kwake. Mimi namwita Mama Futi, yeye ananiita Mama Nakala, na wateja wetu wamezoea kutusikia tukirushiana maneno kibarazani asubuhi kabla hatujafungua vizuri. Siku nilipomwona anamtia mama yake mzazi wino kidoleni, nilimwambia, "Wifi, hata aliyekuzaa humwamini?" Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba daftari halina ujamaa.

Sasa huyo mama ndiye mwenye hadithi. Ni mama mkwe wangu, lakini namwita Mama tu, maana hajawahi kunifanyia ukwe. Mwaka jana alianguka bafuni akavunjika nyonga. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, ngazi zenyewe nyembamba, na Mama alihitaji watu wawili kumnyanyua na kumgeuza. Nikasema apelekwe makao ya wazee yaliyo nyuma ya kituo cha mafuta, yale yenye geti la kijani na maua yaliyomwagiliwa vizuri. Wazo lilikuwa langu. Nalisema mwenyewe mapema, kabla wifi hajaniwahi.

Mume wangu alikubali papo hapo. Yeye ni fundi umeme, mtu mpole kupita kiasi, na ugomvi wowote ukianza, uwe wa nyumbani au wa jirani, neno lake ni moja: yaishe. Basi nyumbani tunamwita Yaishe. Wifi alinuna siku tatu, kisha akakubali kwa sharti kwamba nguo za Mama atashona yeye, hakuna kuvishwa mashuka yaliyotobolewa shingo.

Akamshonea magauni matatu. Moja ni la buluu iliyofifia, lina vimaua vyeupe na mifuko miwili mikubwa, na ndilo Mama alilolipenda. Tulikuwa tunakwenda kila Jumapili, saa nane hadi saa kumi, ndiyo saa ya wageni. Tukifika Mama tunamkuta kwenye kiti, kachanwa nywele, kapakwa mafuta, anang'aa. Jumapili ya mwisho wa mwezi wifi anatoa futi, anampima hapo hapo kitini, anaandika, dole gumba, kisha anaondoka na magauni kuyabana kidogo. Nguo ikimpwaya mtu wa kulala, aliniambia, inajikunja chini yake na kumchubua. Aliwahi kumuuliza mhudumu mbona Mama anapungua. Akajibiwa kwamba wazee hupungua, ni umri.

Nasi tukamwamini, kwa sababu Mama alikuwa anapendeza. Kila Jumapili gauni limemkaa kama aliyezaliwa nalo. Mimi mwenyewe nilimsifia wifi mbele ya watu, jambo ambalo silifanyi hovyo, nikasema mkono wake haujawahi kukosea. Akafurahi. Ukimsifia wifi yangu kazi yake, hata kama alikuwa amekununia, anakusamehe hapo hapo.

Mwezi wa nne, Jumanne moja, wifi alikuwa na mteja upande ule wa mji, akaona apitie kumpelekea Mama gauni lililobanwa. Ilikuwa saa saba na nusu, wala si siku ya wageni. Mlinzi alimkatalia. Yeye akamwambia si mgeni, ni fundi, ameleta kazi, akampita na mfuko wake wa plastiki.

Alimkuta Mama kitandani, amelalia upande wa ukutani. Sahani ya chakula ilikuwa mezani karibu na mlango, imefunikwa, hatua nne kutoka kitandani, kwa mtu asiyeweza kupiga hata moja. Jagi la maji liko hapo hapo. Wifi hajafungua mdomo, mhudumu akaingia mbio, akabeba sahani bila kuifunua, akaandika kwenye karatasi iliyoning'inia ukutani: amekula chote. Wifi akaisoma mara mbili. Kisha akavuta pazia amjaribishe Mama gauni, maana kwake yeye nguo isiyojaribiwa haijaisha, na hapo ndipo alipomgeuza.

Mgongoni chini, karibu na nyonga, kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja. Cha pili kwenye kisigino. Vidonda vya kulalia upande mmoja siku nzima, wiki nzima. Alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la kunitania. Aliniambia tu, "Wifi, njoo na kamera yako."

Nilikwenda na simu, nikapiga picha kila kitu, karatasi ya ukutani ikiwemo. Picha tatu za kwanza zikawa za sakafu. Siku hiyo hiyo tulimhamishia hospitali. Daktari alisafisha vile vidonda huku akiguna peke yake, akaandika taarifa ndefu, na mimi nikaitoa nakala saba. Mume wangu akauliza saba za nini. Nikamwambia kila mtu na tiba yake.

Mama nilimuuliza, mbona hukusema? Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Wale watoto wahudumu ni wawili tu, wazee tuko thelathini. Ningemlaumu nani?" Akaongeza, "Na wewe ndiye uliyenitafutia pale, mwanangu. Sikutaka ujione umekosea." Nilitoka nje kwenye korido nikalia hadi mfagiaji akaniletea kiti.

Siku ya tatu bwana meneja wa makao alikuja hospitalini na maua. Ni mtu wa sauti laini, anamwita kila mzee bibi yetu. Alisema amesikitika, alisema chumba cha peke yake chenye dirisha kimeshaandaliwa, Mama arudi wakati wowote. Kilichobaki ni karatasi ndogo tu ya kuweka sawa mambo. Karatasi ndogo hiyo ilisema familia imeridhika na haitadai lolote popote, siku zote.

Mume wangu alishashika kalamu. Hakika alishaishika, na mdomoni nadhani neno lilikuwa tayari. Wifi akaichukua ile kalamu mkononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi, akaiweka kwenye mkoba wake. Akamwambia meneja kwamba kwao nguo hailipwi kabla ya kujaribiwa. Ile kalamu anayo mpaka leo, na ndiyo anayoandikia kwenye daftari.

Kesho yake tukaenda ofisi ya msaada wa kisheria, ghorofa ya kwanza juu ya duka la viatu. Foleni ndefu, benchi moja, feni moja inayozunguka ikijisikia. Wakili wetu alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa, na kila alilosema lilianza na "kwanza". Kwanza, mmesaini chochote? Hamjasaini, vizuri. Kwanza, andikeni malalamiko kwa makao yenyewe, kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwanza, daini karatasi zote za matunzo ya Mama, anayetunzwa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake. Kwanza, ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo iliyowapa kibali, wapelekeeni malalamiko watume wakaguzi. Kwanza, kama kuna aliyempiga, aliyemfunga au aliyemwibia, hilo ni la polisi. Kwanza, kuna kesi ya madai mahakamani kwa uzembe, kudai gharama za matibabu na fidia ya maumivu. Nilimhesabia kwanza sita na sikusikia pili hata moja. Tukampa jina hapo hapo, Wakili Kwanza.

Lakini kichwani alikuwa mzima sana. Alituambia njia hizo hazigombani, ukifuata moja hujafungiwa nyingine, ila kesi ina muda wake kisheria na ukiulalia umekwisha. Kisha akauliza, "Mama ana akili zake?" Wifi akamjibu kuliko sisi wote watatu. Wakili akafunga faili. "Basi kesi ni ya Mama. Kwanza tumuulize yeye anataka nini."

Hilo, naona aibu kusema, hakuna aliyekuwa amelifikiria. Tulikuwa tumeshabishana nani atasimama mahakamani na nguo gani. Wakili akaja hospitalini, akavuta kiti, akaongea na Mama kama nusu saa. Mama akasema anataka vitu viwili. Waandike ukweli, kwa sababu ameandikiwa amekula siku nyingi ambazo hakula, na hataki kufa akiwa mwongo kwenye karatasi. Na yule bibi wa kitanda cha dirishani, ambaye hana mtu wa kumtembelea, naye ageuzwe. Wakili alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Karatasi za makao zilikuja baada ya wiki mbili na barua mbili za kuzidai. Wifi alizisoma kibarazani kwake, akacheka kicheko kisicho na furaha. Uzito wa Mama uliandikwa kila Jumatatu, wiki kumi na sita, na kila Jumatatu ulikuwa kilo sitini na mbili. "Wateja wangu hawana kipimo kimoja kabla na baada ya chakula cha mchana," alisema. "Huyu wao ni wa chuma?"

Ustawi wa jamii wakaita kikao cha usuluhishi. Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, chupa za maji, afisa mmoja mama wa makamo mwenye kuandika polepole. Meneja alikuja na wakili wake na picha. Kuhusu vidonda alisema vimetokea ghafla, wazee ngozi zao ni nyepesi. Kuhusu chakula alitoa picha tatu za Mama, za miezi tofauti, akiwa kitini na gauni la buluu. "Mheshimiwa, mtu aliyekosa chakula miezi minne nguo humpwaya," alisema kwa ile sauti yake. "Tazama hii. Imemkaa mwezi wa kwanza, imemkaa wa tatu, imemkaa wa nne. Bibi yetu hakupungua hata kidogo."

Afisa alizitazama zile picha, akatutazama sisi. Na kweli, Mama amependeza kwenye zile picha. Hata mimi ningeamini. Wakili Kwanza alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kwanza. Nilihisi kesi ya Mama inatuponyoka pale mezani, na kinachoiponyosha ni sifa nilizompa wifi mwenyewe.

 Wifi uso ulimbadilika rangi. Kisha akasimama, akatoa lile gauni kwenye mfuko wa plastiki, akalitandaza mezani juu ya karatasi za watu, akaligeuza ndani nje.

"Limemkaa kwa sababu nililibana mimi," alisema. "Hapa, mheshimiwa. Huu wa nje kabisa ni mshono wa kwanza, nilivyolishona mwanzo. Huu wa pili ni wa mwezi uliofuata. Wa tatu. Wa nne. Nguo ya mgonjwa siikati, naibana tu, kitambaa nakiacha ndani, huenda akanenepa." Akaweka daftari la bluu pembeni yake. Kiuno thelathini na nane. Thelathini na sita. Thelathini na nne na nusu. Thelathini na mbili. Kila kimoja na tarehe yake, na kila kimoja na dole gumba la Mama.

Afisa alichukua rula. Alipima kutoka mshono hadi mshono, akasoma kwenye daftari, akapima tena.  Bwana meneja alikunywa maji ya mtu mwingine.

"Miezi minne," wifi akasema, na sasa hakuwa anaongea na afisa tena. "Namba niliziandika mimi. Nilimpima kwa mikono yangu, nikaona inchi zinakwenda, nikakaa chini nikashona nguo ya kuzificha. Na watu wakanisifu." Akakaa. Mimi nikamshika goti chini ya meza, na hakuutoa mkono wangu. 

Afisa alimwambia kitu kimoja tu. Kwamba kama asingekuwa na tabia ya kupima, pale mezani pasingekuwa na chochote isipokuwa picha nzuri. Kisha akamgeukia meneja, akamwuliza zile kilo sitini na mbili alizipima kwa mzani gani.

Mengine yalikwenda kwa mwendo wa ofisi, yaani kwa miezi. Wakaguzi waliingia siku isiyo ya wageni. Makao yakapewa masharti kwa maandishi, wahudumu waongezwe, chakula kipelekwe mkononi, wanaolala wageuzwe kwa saa, na kibali chao kinatazamwa upya. Kesi ya madai haikufika hukumuni, walikubali kulipia matibabu na fidia, makubaliano yakasajiliwa mahakamani ili yasije yakageuka hadithi. Mume wangu alipoyasikia akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa muda mrefu, "Sasa naruhusiwa?" Wifi akamwambia ndiyo, sema. Akasema yaishe. Mama alicheka hadi akaomba ashikwe.

Na barua ilikuja. Mistari mitano, ina muhuri. Inasema tarehe zifuatazo imeandikwa kwamba mama huyu alikula, na hakula, na uongozi unaomba radhi. Mama alitaka nimsomee mara tatu. Nilimtolea nakala kumi, akaniambia moja inatosha, ameshajua nina ugonjwa gani.

Mama sasa anakaa kwa wifi, chumba cha nyuma ya cherehani, hakuna ngazi. Asubuhi tunamgeuza mimi na wifi, mchana anakuja msichana wa jirani aliyesomea uuguzi. Akipata nafuu anasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi dukani, na kutoka kwenye kiti chake anawaambia wateja wasivute tumbo. Nimemtania wifi kwamba amepata msimamizi. Anasema bora huyu kuliko Mama Nakala.

Jumapili iliyopita tulikwenda makao. Si kwa Mama, yeye alikataa hata kulitazama geti. Tulikwenda kumwona bibi wa dirishani, kwa sababu Mama alitutuma na alitaka majibu. Tulimkuta amelalia upande wa kulia. Tukakaa saa mbili, tukimsimulia umbea wa watu wa mtaani asiomjua hata mmoja, na akageuzwa mbele ya macho yetu, upande wa kushoto. Wifi alimpima kiuno kabla hatujaondoka. Nilimuuliza anamshonea nini. Akasema bado hajui, lakini kipimo cha kwanza lazima kiwepo.

Jioni yake, nyumbani, akampima Mama. Akapima tena, kama asiyeiamini futi yake mwenyewe. Thelathini na nne na nusu. Mama akatia dole gumba bila kuambiwa. Wifi akageuza gauni la buluu ndani nje, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wa nne, akaniambia nimshikie upande ule wenye mwanga. Nikashika. Uzi ulitoka mzima, mrefu, akauviringisha kidoleni na kuuweka mezani.

"Imebaki miwili," alisema.

Mama akamwambia asiharakishe, kitambaa kipo.